Sprinti inaisha, kazi haziishi: naomba ushauri

Fundi_Mifumo: Wakuu, habari. Timu yetu ina watengeneza programu watano, mpimaji mmoja na mwenye bidhaa (anayeamua kipi kitengenezwe kwanza). Tunatumia Skramu, mtindo wa kugawa kazi katika vipindi vifupi viitwavyo sprinti; zetu ni za wiki mbili. Tunaingiza kazi 20, zinaisha 8. Nyingi zinakwama kwenye majaribio. Kikao cha asubuhi kinafika dakika 40. Je, turefushe sprinti iwe wiki nne?

Nyundo: Usirefushe, mkuu. Skramu inaruhusu hadi mwezi mmoja, ila mtaingiza kazi 40 na foleni itabaki palepale. Kinachowaumiza ni kazi nyingi kufunguliwa kwa pamoja. Piga hesabu: gawanya kazi zilizo mkononi kwa zinazokamilika kwa wiki. Mkiwa na 16 mkononi na mnamaliza 4 kwa wiki, kila moja inakaa wastani wa wiki nne, na sprinti yenyewe ni wiki mbili! Zikiwa 6 kwa kasi ileile, wastani ni wiki moja na nusu.

Kwa hiyo wekeni kikomo kwenye ubao wa kazi, kwa kila safu ya hatua: "Inaandikwa" kazi 4, "Inapimwa" 2. Safu ya kupima ikijaa, hakuna kufungua kazi mpya. Mwandishi wa msimbo aende akasaidie kupima. Mwanzoni watu wataona kama wanakaa bure. Msilegeze kikomo hapo, maana ndipo foleni inapoanza kupungua.

BintiKodi: Naongezea. Sprinti ijayo ingizeni 8, si 20. Kazi inayozidi siku tatu igawanywe, lakini msitenganishe hifadhidata wiki hii na ukurasa wiki ijayo: vipande hivyo havipimiki. Kama ni malipo, anzeni na M-Pesa pekee, tangu kubonyeza hadi risiti; kadi zifuate baadaye. Kikao ni dakika 15. Pitieni ubao kuanzia kazi iliyo karibu kukamilika, si mtu mmoja mmoja kutoa ripoti.

Fundi_Mifumo: Asanteni sana. Na mwenye bidhaa akileta kazi ya haraka katikati ya sprinti?

Nyundo: Ikiingia moja, itoke moja ya ukubwa uleule ambayo haijaanzwa, na achague yeye mwenyewe. Mfumo ukiwa umelala ni jambo jingine: hapo wawili waache walichoshika, wengine waendelee.