Nyumba ya marehemu baba inalaza wageni wa siku mbili: ni gesti au si gesti?

MamaMaweni
Habari za usiku wadau. Nipo Mwanza. Mtaa nausitiri ila anayepajua atapajua: nyumba iko mgongoni mwa mawe, kutoka barabarani unapanda ngazi 41, begi kubwa kijana wa bodaboda analipandisha kwa buku. Upande wa pili ni ziwa. Baba alijenga mwaka 1986, sasa ni marehemu, ndugu zangu wote wako Dar, funguo zimebaki kwangu.

Vyumba viwili vya mbele nalaza wageni. Siku moja, mbili, akizidi sana wiki. Wengine wananipata Airbnb, wengine wanaelekezana wenyewe. Msidhani ni wazungu. Ni mtu kaja kufuatilia mzigo wake, ni ndugu wa mgonjwa aliyelazwa Bugando. Elfu 45 kwa usiku, chai ndani yake. Sina bango wala baa. Nina mpera, simtanki na paka.

Jumanne saa nne asubuhi wakaja watu watatu, mmoja namfahamu, wa ofisi ya kata. Mwenye mashine ya risiti shingoni akauliza leseni ya nyumba ya kulala wageni iko wapi. Nikamwambia hapa ni nyumbani, maharage yangu yako jikoni yanachemka. Akasogeza pazia la chumba cha mbele. Kitandani taulo mbili zimekunjwa vizuri, juu ya kila moja kisabuni kidogo. Akaniuliza taratibu tu, "Mama, hizi taulo ni za nani?"

Nilikosa jibu.

Wameniachia karatasi ya siku 14. Kiasi walichokitaja kwa mdomo kwenye karatasi hakimo, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Kodi ya jengo nakatwa 1,500 kila mwezi kwenye LUKU, kwani hiyo ya nini? Na mimi wa vyumba viwili nipangwe foleni moja na mwenye vyumba 20? Au niachane nayo, nipangishe kwa mwezi tu?

Mzee wa Kirumba
Taulo zimekusaliti, mama.

Mimi nina gesti ya vyumba 11 tangu 1998, kwa hiyo sitakudanganya kwamba nakuonea huruma sana. Leseni nalipa. Bwana afya akija anafunua mpaka magodoro. Mitungi ya kuzimia moto inakaguliwa, isipokaguliwa Zimamoto wana maneno. Kitabu cha wageni askari anakifungua muda wowote: jina, ametoka wapi, anakwenda wapi, saa aliyoingia. Wewe mgeni wako akiamka hayupo na redio ya jirani haipo, utampa askari jina gani? Lile la kwenye simu, lenye picha ya ua?

Ile 1,500 usiichanganye na haya. Ni kodi ya jengo, hata asiyelaza kuku anakatwa. Tena shukuru huna ghorofa, ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu.

Na ukweli mwingine niuseme: huyo ndugu wa mgonjwa alikuwa wangu, kwa elfu 25. Wasafiri wa Geita nao tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wanapita tu, hakuna wa kukwama feri akatafuta kitanda. Tumebaki kugombea wachache, halafu mmoja analipia kila karatasi na mwenzake ana mpera na paka.

Kamba na Bikoni
Mzee shusha pumzi, mama ameuliza swali.

Nimepima viwanja mikoa ya ziwa mpaka nikastaafu, kwa hiyo naanzia ardhini. Toa hati ya marehemu, soma sehemu ya matumizi. Ikisema makazi, kulaza watu kwa malipo ni matumizi mengine, na kubadili matumizi kunaombwa halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwa vyumba viwili huku wewe mwenyewe unaishi humohumo, afisa mipango miji ndiye wa kukwambia kama unahitaji. Muulize kwa barua, akujibu kwa barua. Na kama hati bado inasoma jina la baba, mirathi kwanza, mengine yatakungoja.

Pili, kiasi cha mdomo usikilipe. Ushuru wa halmashauri unasimama juu ya sheria, au sheria ndogo iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Nenda kwa afisa biashara, mwambie kwa heshima akuonyeshe kifungu na namba ya tangazo. Kisha omba namba ya malipo, lipa benki au kwa simu. Na uende halmashauri yako, si ya jirani: tangu 2012 Ilemela na Jiji ni mbili tofauti. Wa Kirumba na wa Capri Point hawali sahani moja, kila mmoja ana sheria ndogo zake.

TRA nao usiwasahau. Mwaka 2025 waliwatangazia wanaouza na kupangisha kupitia mtandao wajisajili. TIN huna?

Ila mimi kinachonitisha ni hiyo "upande wa pili ni ziwa". Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kutoka ukutani hadi majini ni mita ngapi?

Jirani Mchovu
Mimi naongea kama jirani. Wa kwetu alianza na vyumba viwili hivyohivyo. Sasa Ijumaa gari nne zinaziba njia, spika iko nje, saa nane usiku mtu anagonga geti langu anauliza "ndo hapa?" Mama, hata kama leseni hawataki, weka saa ya mwisho ya kelele.

MamaMaweni
Wabeja sana, na Mzee pia, umenisema ila umesema kweli. Daftari nimenunua leo, kaunta buku ya mistari, mgeni wa kwanza kaandika jina mpaka kijiji.

Jirani, kwangu spika haipandi ngazi 41.

Hati nimeitoa. Makazi, jina la baba. TIN ninayo, ya duka nililofunga. Kesho naanza na mirathi, keshokutwa afisa biashara.

Mita sina kamba ya kupimia, nimehesabu hatua. Ukutani hadi majini ni 94.

Kamba na Bikoni
Hatua zako au za mumeo? Za mwanamke wa wastani ukishuka mawe hazifiki sentimita 65. Halafu umepima mteremko, na sisi tunapima usawa, kwa hiyo punguza tena. Maji ya 2020 yalifika wapi?

MamaMaweni
Yalifika kwenye mpera. Tulichuma mapera kwa mtumbwi.

Kamba na Bikoni
Mpera hadi ukutani hatua ngapi?

MamaMaweni
Nimerudi na tochi. 71.

Kamba na Bikoni
Usimwandikie mtu barua bado. Tafuta mpimaji mwenye leseni, aje na mashine, aanzie kwenye mpera.