Kimara au Kigamboni: tupange wapi kabla ya kununua kiwanja?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na mwenzangu sote tunafanya kazi Posta, Dar es Salaam, na mkataba wetu wa nyumba Sinza unaisha Juni. Tunatafuta mahali pa kupanga kwa mwaka mmoja au miwili, kisha tununue kiwanja huko huko na kujenga. Tumebakiwa na Kimara na Kigamboni. Naomba mlioishi huko mtueleze hali ya usafiri, maji na ardhi.

Mkazi wa Kimara
Kwa mtu wa Posta, mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake maalumu, ni neema kubwa, kwani tangu mwaka 2016 unapanda Kimara Mwisho na kushuka Kivukoni bila kubadili gari, ingawa Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani barabara hufungwa. Ninachowasihi mkitazame zaidi ni vilima. Nyumba yetu ya kwanza, kwa maneno ya dalali, ilikuwa dakika 5 kutoka lami. Masika yalipoanza njia ikageuka korongo, bodaboda wakawa wanatushusha juu, nami nikawa nateremka na mtungi wa gesi begani huku nikijishikiza kwenye ukuta wa jirani. Nyumba ya Kimara ikaguliwe siku ya mvua.

Mkazi wa Kibada, Kigamboni
Daraja la Nyerere linalotuunganisha na mjini, lenye urefu wa mita 680, limetusaidia sana wenye magari, ila tozo yake lazima iingie kwenye hesabu zenu za mwezi. Asiye na gari atavuka kwa pantoni hadi Magogoni na kutembea kwa miguu mpaka Posta. Chombo kimoja kikiwa kwenye matengenezo, foleni hutisha. Kuhusu maji, visima vingi vya huku vina chumvi: sabuni haitoi povu na birika hujenga ukoko mweupe ndani. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, fungueni bomba na myaonje. Pamoja na hayo yote, ningechagua Kigamboni tena, kwa sababu Kibada nilipata kiwanja kilichopimwa, chenye mipaka inayoeleweka na barabara ya mtaa iliyoachwa tangu mwanzo, ilhali sehemu kubwa ya Kimara ilijengwa kwanza na kupimwa baadaye.

Mchangiaji mwingine
Popote mtakapoangukia, barua ya serikali ya mtaa isiwatosheleze. Fanyeni upekuzi wa umiliki wa kiwanja kwa Msajili wa Hati, hakikisheni kwamba mwenzi wa muuzaji ametoa ridhaa, na hati yenu iandikwe majina ya wote wawili.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Kwa kuwa hatuna gari, tutapanga Kimara karibu na kituo, na Jumamosi hii tutavuka kwenda Kibada kutazama viwanja.