Nina kazi ya ofisini ila moyo uko Keko kwa mafundi. Mtu anajuaje kazi gani ndo yake?

Mhasibu wa Jumamosi

Wakuu habari za jioni. Naomba mnivumilie, itakuwa ndefu kidogo.

Nina miaka 31, nina mke na mtoto mmoja, ni mhasibu kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, huu mwaka wa sita sasa. Uhasibu sikuuchagua kwa kuupenda. Form four nilipata B ya biashara na C ya hesabu, mzee akasema wahasibu hawakosi kazi, basi nikajaza ECA (mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu), kutoka hapo ni kama nimepanda daladala ya mtu mwingine nikawa nashuka anaposhuka yeye. Chuo hivohivo, kazi hivohivo. Mitihani ya CPA, ile ya bodi ya wahasibu, nimefanya, kuna somo moja limenikamata mara mbili na kiukweli hata sikuumia, ndo nikaanza kujiuliza kwani mi nipo hapa nafanya nini.

Sasa mwaka jana wife alitaka kabati, nikaenda Keko kwa fundi mmoja nikaweka advansi, kama mnavyojua mafundi, leo kesho leo kesho, ikabidi niwe naenda kila Jumamosi kumsimamia. Wiki ya tatu nikajikuta nimeshika randa. Wiki ya nne nampimia mbao. Kabati lilishaisha mwezi wa sita lakini mpaka leo naenda, nanunua chai na chapati za wote nakaa pale hadi jioni, narudi nimejaa vumbi la mninga nina furaha ambayo Jumatatu saa mbili asubuhi inakuwa imeshaisha yote nikikaa mbele ya kompyuta kufanya rikonsiliesheni ya benki, yani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki.

Swali langu: hii ni dalili kwamba hiyo ndo kazi yangu au ni uchovu tu wa ofisi? Nina kama milioni 4 nimeweka. Nimefikiria niache kazi mwezi wa kwanza niingie useremala mzima mzima. Wife hajui bado. Mshahara ukishakatwa PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (mfuko wa pensheni) na ile 15% ya bodi ya mikopo unabaki laki saba na kitu, kwa hiyo siyo kwamba naacha mamilioni.

Waliopitia hii naomba mnisaidie. Motivesheni spika nimeshawasikiliza wote, wanasema fuata ndoto zako halafu wanakuuzia semina.

Kiroboto

Una mshahara, una bima, unalia. Kuna watu wana digrii kama yako wanaendesha boda Mbagala na hiyo Jumamosi yako wao ni siku ya kazi. Haya.

Mhasibu wa Jumamosi

@Kiroboto nakuelewa kaka, sijasema nina shida kuliko wengine. Nimeuliza tu.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Mkuu mi nina stori inayoenda kinyume na yako, labda itakusaidia.

Ualimu niliingia kwa sababu ya mkopo. Kipindi chetu ukiomba ualimu wa sayansi bodi walikuwa wanakupa kipaumbele, nyumbani hela haikuwepo, basi nikawa mwalimu wa bayolojia. Nikapangiwa shule ya kata huko mbali, maabara ni chumba chenye meza mbili na darubini moja ambayo lenzi imepasuka. Miaka miwili ya kwanza kila mwezi natafuta uhamisho au natafuta kazi ya NGO. Nilikuwa nafundisha huku nimeangalia dirishani, sijivunii.

Kilichobadilika ni kitu kidogo sana. Siku moja nilichoka kuchora chura ubaoni, nikawaambia vijana kesho kila kundi lije na chura. Walikuja na vyura kumi na tisa. Tulipasua kwa wembe juu ya vipande vya maboksi, binti mmoja aliyekuwa haongei kabisa darasani ndo akawa anawaelekeza wenzake ini hili, moyo huu, unadunda bado. Mimi nilitoka pale natetemeka. Tangu hapo nikajua ualimu mzima siupendi, kusahihisha siupendi, vikao vya walimu ndo kabisa, ila hako kasehemu ka kumshikisha mtoto kitu kwa mkono mpaka aelewe nakapenda hadi kesho. Basi nikawa nakatafuta kila wiki. Wiki nyingine nakapata, nyingine sikapati.

Kwa hiyo kabla hujaacha jiulize ndani ya uhasibu hakuna hata kasehemu kamoja? Siyo lazima kawepo, nauliza tu.

Dada wa Hesabu za Nyumba

Kaka usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujasoma hii.

Kuna watu bado wana fikra za zamani kwamba ukiacha kazi unaenda NSSF unachukua chako chote unaanzia biashara. Fao la kujitoa liliondolewa na sheria ya 2018. Lililopo ni fao la kukosa ajira, ni 33.3% ya mshahara kwa miezi 6, na halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Ukiandika barua wewe mwenyewe usitegemee hiyo hela ikulishe Januari. Milioni 4 hiyo toa kodi ya nyumba, toa ada ya mtoto, toa mashine hata moja ya kuanzia, sijui inabaki nini.

Na la pili, mwambie mkeo. Umeandika ndefu yote ile kutuambia sisi tusiokujua na mwenye nyumba hajui. Mimi mume wangu aliacha kazi akaniambia baada ya wiki mbili, alikuwa anatoka asubuhi na tai kama kawaida anaenda kukaa kijiweni. Hasira yangu haikuwa kazi, ilikuwa ile tai.

Kiroboto

Ile tai 😂😂 pole dada

Mpiga Brashi

Nimekumbuka kitu. Wote tunaimba Tingatinga Tingatinga lakini wangapi wanajua yule mzee mchoraji alianzaje? Edward Tingatinga mzaliwa wa huko Tunduru, kafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kaja Dar kafanya kazi za nyumbani kwa wazungu, baadaye akaajiriwa Muhimbili. Uchoraji wenyewe kaanza karibu 1968, ana miaka thelathini na kitu, hadibodi na rangi za kupakia baiskeli basi, picha zikawa zinauzwa pale Morogoro Stores Oysterbay. Muda wake wa ziada ndo alikuwa anachora. Hakuanza kwa kuacha kazi akakaa akisubiri kusudi lake lishuke.

1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa, kazi yote ile ni kama miaka minne tu. Na vijana aliowafundisha ndo waliofanya jina liendelee mpaka leo.

Sijui kama inakujibu, mi huwa nakumbuka hiyo miaka minne kila nikisikia mtu anasema ameshachelewa. 31 hujachelewa kitu.

Seremala wa Zamani

Mwanangu, mimi ni fundi, Keko nimekaa miaka 22 kabla sijahamishia shughuli Kibaha. Kama wewe nimewaona wengi. Kila mwaka anakuja kijana wa ofisini anapenda harufu ya mbao. Harufu ya mbao hata mimi naipenda.

Nikuulize: ukienda pale Jumamosi unafanya nini? Umesema unapima, unapiga randa. Hiyo ndo tamu ya kazi, fundi anakupa kwa sababu umekuja na chapati. Je msasa umepiga? Siyo dakika kumi. Piga msasa kitanda kizima, kichwa na miguu, namba 80 halafu 120 halafu 240, masaa manne vumbi limekujaa puani mpaka ukipenga kamasi inatoka nyekundu ya mninga. Je umewahi kumpigia simu mteja kumwambia mzigo hauko tayari, na advansi yake umeshailipia deni la mteja mwingine? Je umewahi kuletewa meza imepasuka katikati kwa sababu uliuziwa mbao mbichi ukaambiwa imekauka, na mteja anataka hela yake mbele za watu? Kazi yangu ni hiyo kwa sehemu kubwa. Mimi nilikaa kwa sababu hayo yote yananiudhi lakini hayajawahi kunifanya nitamani kazi nyingine. Mdogo wangu tuliyeanza naye alikuwa na mkono mzuri kuliko mimi, mkono mzuri kabisa, yale ya wateja yakamshinda, sasa hivi anauza mkaa na amenenepa.

Fanya hivi. Jumamosi tatu zijazo mwambie fundi wako akupe kazi anazompa kibarua, msasa na kubeba. Ukimaliza kaa naye umpigie hesabu ya kitanda kimoja tangu mbao mpaka kinapofika kwa mteja, maana nyie ndo mmesomea, sisi tunahesabu kichwani na kichwa kinadanganya. Halafu urudi hapa useme.

Na kama utaendelea, VETA, wale wa vyuo vya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunzia mtaani, wanakupima unachojua wanakupa cheti bila kuanza darasani upya. Vijana wangu wawili wamepita huko. Ila hiyo ni baadaye, kwanza msasa.

Mhasibu wa Jumamosi

Mzee shikamoo. Nimekubali. Dada nimekusikia pia, leo usiku namwambia.

*(wiki tatu na siku mbili baadaye)*

Mhasibu wa Jumamosi

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya.

Kwanza wife. Nilimwambia, akanyamaza kama dakika mbili nzima, akaniuliza "kwa hiyo ndo maana taulo zote zina vumbi?" Basi. Akasema barua ya kazi niisahau mpaka tukae wote na daftari. Hakukasirika kama nilivyodhani, alikuwa ameshajua kuna kitu, alidhani ni mwanamke.

Pili msasa. Mzee ulisema kweli, nimeuchukia. Jumamosi ya kwanza nilijikaza, ya pili nikawa naangalia saa kama niko kikaoni, ya tatu nilipiga mguu mmoja wa kitanda nikamwambia kibarua nakulipa elfu tano nimalizie. Kubeba mbao ndo usiseme, mgongo mpaka leo.

Ila hesabu. Hapo ndo sijielewi.

Nilikaa na fundi wangu tukachukua kitanda kimoja cha tano kwa sita anachouza 650,000. Yeye alikuwa na uhakika anapata faida 150,000: mbao 340,000, kuchana na randa ya mashine 35,000, sila, vanishi, thina, gundi na msasa 60,000, bolti na vikorokoro 15,000, kibarua wa msasa na rangi 50,000, jumla laki tano. Nikamuuliza kirikuu ya kuleta mbao na kupeleka kitanda nani analipa? Kimya. Yeye, 40,000. Mbao zilizotoka na nyufa ukazitupa? 30,000. Pango na umeme nikagawanya kwa vitanda vya mwezi ikaja kama 25,000 kila kimoja. Imebaki 55,000. Na kitanda kinamla siku sita. Elfu tisa kwa siku, wakati kibarua wake anachukua 50,000 kwa siku mbili. Yani saidia fundi anamzidi fundi karibu mara tatu na hakuna aliyekuwa anajua, hata saidia fundi mwenyewe.

Alikaa chini kwenye mbao. Alikaa muda mrefu. Halafu akaniambia tufanye na ya kabati. Tukafanya na ya kabati, tukafanya na ya meza ya chakula na viti sita, jirani yake akasikia akaja na daftari lake limeloa chai, nilifika nyumbani saa tano usiku na sikuwa nimesikia njaa. Kesho yake Jumapili nikaamka saa kumi na mbili nikakaa na Excel mwenyewe bila kutumwa na mtu. EXCEL jamani. Kitu ninachokichukia siku tano za wiki.

Sasa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Nilikuja kuuliza kama mi ni seremala, inaonekana siyo, na nimeumia kidogo kusema hivo kwa sababu nilishaanza kuota hadi jina la karakana. Lakini na mhasibu niliyekuwa nadhani ndo mimi naye siyo yeye kabisa. Tofauti sijaijua vizuri. Nadhani ofisini namba zinakuja zimeshakufa, nazizika tu kwa utaratibu mzuri mwisho wa mwezi, ila pale nilikuwa namwona mwenye hela usoni. Sijui. Mwalimu labda hiki ndo kale kasehemu ulikosema.

Kazi siachi kwa sasa. Fundi amepandisha kitanda hadi 720,000, wateja wawili wamenuna, mmoja amelipa.

Seremala wa Zamani

Marahaba mwanangu. Wewe mbao hukuzipenda, uliwapenda mafundi. Huyo aliyelipa msimcheleweshee mzigo.

Dada wa Hesabu za Nyumba

"Alidhani ni mwanamke" nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi watu wananiangalia. Msalimie shemeji.

Ila kaka ukianza kufanyia watu kazi kama hiyo anza kutoza, hata kama ni elfu ishirini kwa fundi. Umekula Jumamosi tatu na Jumapili moja, hujaziweka kwenye hesabu. Wewe na fundi wako ugonjwa mmoja.

Mhasibu wa Jumamosi

@Dada wa Hesabu za Nyumba nimekaa chini kwenye mbao.

Kiroboto

Mkuu nisamehe kwa lile la mwanzo. Nina genge la matunda huku Mbagala Rangi Tatu, kila siku nauza, kila siku sina hela, na wizi hakuna maana nakaa mwenyewe. Ukipata nafasi Jumapili njoo, chapati zipo.