Nawezaje kuchunguza na kulinda mawazo bila kuishia kujihukumu siku nzima?

Chipukizi wa Yese:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tunahubiriwa sana 2 Wakorintho 10:5, "tukiteka nyara kila fikira ipate kumtii Kristo". Naiamini, ila sijui inafanyikaje kwa vitendo. Wazo baya likija tu, nimeshatenda dhambi? Sekunde ile ile linapoingia nifanye nini? Na kujichunguza kufanyike lini, kwa muda gani? Nikijikaza nisiwaze jambo fulani, ndivyo linavyozidi kurudi. Nikijichunguza kutwa nzima, najikuta nawaza habari zangu mwenyewe tu na Mungu nimemsahau. Naomba hatua zinazofuatika. Maneno ya kutia moyo ninayo ya kutosha.

Mlinzi wa Lango:

Asifiwe milele. Nianze na swali lako la kwanza, maana likikaa vibaya mengine yote yanaharibika.

Wazo kuja si dhambi. Yakobo 1:14-15 inaonyesha mpangilio: mtu huvutwa na kudanganywa, kisha tamaa "ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi". Kati ya kuvutwa na mimba pana nafasi, na kazi yote ya kulinda mawazo inafanyika ndani ya nafasi hiyo. Bwana wetu mwenyewe aliletewa mawazo matatu jangwani, akayasikia, wala hakutenda dhambi.

Climacus, mtawa wa mlima Sinai wa karne ya 7, aliigawa nafasi hiyo vizuri kuliko wengi waliokuja baadaye. Chukua mfano mdogo: umemtumia mwenzako ujumbe, ameusoma, hajajibu.

Kwanza wazo linapiga hodi: "Ananidharau." Hapo huna hatia. Kisha yanaanza mazungumzo: unaliuliza lilikotoka, nalo linakukumbusha mwaka jana alivyokupita bila salamu. Halafu unakubali: moyo unasema, "Kweli, ananidharau, na mimi nitamwonyesha." Baada ya hapo ni kutekwa: unakula chakula bila kujua unakula nini, kichwani unamjibu maneno makali. Mwisho ni mazoea, ambapo wazo halipigi hodi tena kwa sababu limekuwa mwenyeji. Climacus anataja pia mapambano, yaani kupigana na wazo kwa nguvu zilizosalia, na hayo yanaweza kukuletea taji au adhabu kulingana na unavyoyamaliza.

Wengi wanasubiri mpaka hatua ya kutekwa ndipo waanze kuomba. Wakati huo hasira imeshaingia mwilini, mapigo ya moyo yamepanda, hoja zimeshapangwa. Linda hatua ya pili. Ukijikuta unalijibu wazo kwa "na tena...", jua mazungumzo yameanza. Kata hapo hapo.

Shamba la Mizabibu:

Naongezea kuhusu sekunde ile uliyoiuliza.

Kujikaza usiwaze hakufanyi kazi, na sababu yake inajulikana. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasiwaze dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akija akilini wagonge kengele. Kengele ziligongwa, tena waliozuiwa walimwaza dubu zaidi baadaye waliporuhusiwa. Ili ujue kama hulifikirii jambo, lazima akili iendelee kulitazama. Kwa hiyo ukiomba, "Bwana, niondolee wazo hili, niondolee wazo hili," dakika 20 zinapita ukiwa umelitaja wazo lenyewe mara mia.

Tazama Yesu alivyofanya katika Mathayo 4. Hakubishana kuhusu njaa yake. Alijibu kwa andiko moja fupi kwa kila jaribu, yote kutoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, 6:16 na 6:13. Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliigeuza njia hiyo kuwa kazi ya kila siku: kila aina ya wazo alilitafutia andiko lake la kulijibu. Nawe unaweza:

1. Chagua mawazo mawili tu yanayokusumbua zaidi. Ukianza na kumi utaacha wiki ya kwanza.
2. Kila moja lipatie andiko linalomalizika kwa pumzi moja. Hofu: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe" (Zaburi 56:3). Kujilinganisha na wengine: "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi" (Yohana 21:22). Kukata tamaa baada ya kuanguka: "Niangukapo, nitasimama tena" (Mika 7:8).
3. Likariri ukiwa umetulia. Katikati ya jaribu huwezi kukumbuka ambacho hujawahi kukikariri.
4. Wazo likija, lipe jina lake kimya: "Hii ni hofu." Sema andiko mara moja, kwa sauti ukiweza. Kisha peleka mikono kwenye kazi iliyo mbele yako.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa. Mtu anasema andiko, halafu anatulia kusikiliza kama wazo limeondoka. Kule kusikiliza ndiko kulialika tena. Huna haja ya kuhakikisha limeondoka. Liache libweke nje, wewe endelea.

Jambo jingine, mawazo hayapigwi vita kwa namna moja. Tamaa ya mwili usijadiliane nayo hata kwa maandiko. Paulo anasema "ikimbieni" (1 Wakorintho 6:18), na Yusufu aliacha vazi lake akatoka nje. Zima simu, ondoka chumbani. Lakini ule uchovu wa roho unaokuambia uache sala, ubadilishe kanisa, uende popote pengine, huo ukiukimbia unakufuata. Cassian, mtawa aliyefuata mapokeo ya Evagrius, anasema uchovu huo hushindwa kwa kukaa na kuupinga. Evagrius anasema ulikuwa ukiwashambulia watawa kuanzia saa 4 hadi saa 8, na kwa kuwa walihesabu saa toka jua linapochomoza kama sisi, ni saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana kabisa. Angalia kama na wewe si saa zako.

Sauti ya Nyikani:

Wapendwa, mbona mnazunguka? Mawazo mabaya yanatoka kwa adui. Kemea kwa jina la Yesu, yatakimbia. Yesu alimwambia Petro, "Nenda nyuma yangu, Shetani." Hakukaa kupanga hatua.

Mlinzi wa Lango:

Ndugu Sauti ya Nyikani, kukemea kupo na ni kwa Biblia. Ila endelea na mstari huo huo wa Mathayo 16:23: "maana huyawazi yaliyo ya Mungu, bali ya wanadamu." Yesu aliona mambo mawili kwa pamoja, adui nyuma ya neno na fikira ya kibinadamu ndani ya Petro. Na katika Marko 7:21 anasema mawazo mabaya hutoka ndani ya mioyo ya watu.

Cassian anafundisha kwamba mawazo yana vyanzo vitatu: Mungu, Ibilisi, na sisi wenyewe. Kosa la kuyakemea yote ni kwamba kinyongo changu mwenyewe nakikemea kana kwamba ni cha mgeni, wakati dawa yake ni kwenda kupatana na mtu. Kinyongo hakitoki kwa kukemewa. Waefeso 4:26-27 inasema jua lisichwe na uchungu wetu bado haujatutoka, "wala msimpe Ibilisi nafasi". Nafasi hiyo tunaitoa sisi. Kosa la upande wa pili nalo ni baya: anayeona kila wazo chafu kuwa ni lake atajichukia bure kwa vitu ambavyo hakuvitaka.

Ukiwa hujui limetoka wapi, uliza linakupeleka wapi. Lisikubalike kwa sababu tu limevaa maneno ya dini. "Funga siku 7 bila maji" linasikika takatifu, na linaua.

Katekista wa Jioni:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nijibu sehemu ya lini na kwa muda gani.

Usijichunguze kutwa nzima. Kulinda ni kazi ya mchana, nayo ni fupi kama walivyoeleza. Kuchunguza kuna saa yake. Ignatius wa Loyola (1491–1556), padri Mhispania mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliacha utaratibu wa hatua tano unaotosha dakika 10 hadi 15 kabla ya kulala:

Shukuru kwa mambo mahususi ya siku hiyo. Omba mwanga, na hapa Zaburi 139:23 inafaa: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu, unijaribu, uyajue mawazo yangu." Pitia siku saa kwa saa, mawazo kwanza, kisha maneno, kisha matendo. Omba msamaha. Azimia jambo moja la kesho.

Mpangilio huo usiupindue. Anayeanza na makosa akiruka shukrani anajichunguza kama mpelelezi, na ndiyo maana unajikuta unawaza habari zako tu. Zaburi inasema "unichunguze": mwenye taa ni Mungu, wewe unashika mkono wake.

Kwa wazo sugu, Ignatius ana zoezi jingine. Asubuhi azimia kujilinda na wazo hilo moja. Kila unapolikubali, weka mkono kifuani kwa majuto. Unaweza kufanya hata mbele za watu bila wao kujua. Mchana na jioni hesabu. Kwenye karatasi kila siku ina mistari miwili: wa kwanza toka kuamka hadi mchana, wa pili toka mchana hadi jioni. Kila anguko ni nukta moja. Linganisha mstari wa pili na wa kwanza, leo na jana, wiki hii na iliyopita.

Hesabu kulikubali wazo, usihesabu kuja kwake. Ukihesabu ujio, karatasi itajaa nukta na utakata tamaa kabla ya Jumatano. Nukta zikizidi wiki ya kwanza pia usishtuke, umeanza kuona yaliyokuwapo tangu zamani.

Chipukizi wa Yese:

Mungu awabariki sana. Nimeelewa tofauti ya wazo kuja na kulikubali. Lakini kuna mengine sijui niyaweke wapi: maneno ya kumtukana Mungu yanapita kichwani hata wakati wa sala, siyataki kabisa. Natubu, baada ya dakika mbili naona kama sikutubu vizuri, narudia. Hili nalo ni la kuwekea nukta?

Shamba la Mizabibu:

Hapana. Kwa wazo hili usitumie karatasi kabisa. Chuki yako juu yake ni ushahidi kwamba hujalikubali. John Bunyan, mhubiri Mwingereza wa karne ya 17, alisumbuliwa muda mrefu na sauti ya ndani ikimwambia amuuze Kristo. Ignatius naye akiwa Manresa, mji wa Hispania, mwaka 1522 alirudia kuungama dhambi zile zile za zamani bila kupata raha, mpaka alipoamua kutoziungama tena.

Kinacholisha tatizo ni kule kurudia. Ukirudia toba unapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo inaifundisha akili kwamba wazo lile lilikuwa hatari kweli. Kesho linarudi likidai toba mbili. Basi:

Tubu mara moja kwa saa yako ya jioni, kwa sentensi moja, usirudie. Katikati ya sala usisimame kuomba radhi kwa wazo lililopita, endelea na mstari unaofuata. Usirudi mwanzo wa sala kwa sababu "haikutoka vizuri". Tafuta mtu mmoja, mchungaji, padri au mzee wa imani, mweleze mara moja, shika alichokuambia. Usizunguke kwa watu watano kutafuta uhakika. Siku za kwanza wasiwasi utapanda. Uache upande, utashuka wenyewe.

Na sikia hili bila aibu: kama marudio hayo yanakula saa nzima au zaidi kwa siku, yanakuzuia kulala au kufanya kazi, muone daktari wa afya ya akili. Ni ugonjwa unaojulikana na una tiba, ikiwemo mafunzo ya kukaa na wazo bila kufanya tendo la kujituliza. Ikitokea mawazo yakawa ya kujidhuru, usisubiri jioni, mwambie mtu saa hiyo hiyo na utafute hospitali.

Katekista wa Jioni:

Naunga mkono. Kipimo cha kukusaidia kutofautisha: Roho Mtakatifu anapokushtaki hutaja jambo, "Ulimdanganya fulani asubuhi," na kukuonyesha pa kwenda. Mshtaki, yaani Ibilisi, husema kwa ujumla, "Wewe ni bure," na hakuna mlango. Paulo anazitaja huzuni mbili, moja ya kwa jinsi ya Mungu iletayo toba, nyingine ya dunia iletayo mauti (2 Wakorintho 7:10). Na ukiwa ndani ya giza la namna hiyo usibadilishe azimio ulilofanya ukiwa na amani. Ni kanuni ya Ignatius, na imeokoa nadhiri nyingi.

Chipukizi wa Yese:

Sawa. Naanza na mawazo mawili, hofu na kujilinganisha, na dakika 10 za jioni. Nikisahau siku mbili tatu?

Mlinzi wa Lango:

Usilipe deni la siku zilizopita. Acha mistari yake tupu, anza na jioni ya leo. Kama huwa unasinzia, sogeza saa mapema, kabla ya kugusa kitanda. Na ubadilishe andiko pale tu unapogundua mdomo unalisema peke yake bila moyo, kwa kawaida ni baada ya wiki kadhaa. Cassian alipendekeza moja la kurudia nyakati zote, Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Liweke akiba kwa siku ambayo hujui wazo lililokujia liitwe nani.