Gumzo la ukoo: Idrisa anataka kuondoa friwili

Idrisa: Shikamooni wazee wangu. Nimenunua baiskeli ya zamani Kariakoo, na fundi wa hapa mtaani yuko tayari kesho kuitoa friwili, kufunga gia moja ya kudumu na kuondoa breki zote mbili. Naomba ushauri wenu kabla sijampa pesa.

Mjomba Saidi: Marahaba, mpwa wangu. Umefanya vema kuuliza. Mwambie afungue gurudumu la nyuma, uitazame habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa macho yako: ina hesi, ile mikato ya kukazia kama ya skrubu, za aina moja au mbili?

Mama Idrisa: Kaka, tueleze na sisi tusiojua.

Mjomba Saidi: Dada, friwili ndiyo inayoruhusu gurudumu kuzunguka wakati miguu imetulia. Ikiondolewa, pedeli huzunguka muda wote, kama kile kibaiskeli cha mtoto cha magurudumu matatu, na mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuzizuia pedeli kwa miguu. Kuzuia huko huivuta gia upande wa kufunguka. Habu iliyotengenezwa kwa kazi hii ina hesi za kulia za gia, na kando yake hesi za kushoto za ringi ya kufungia, hivyo gia ikitaka kulegea inakutana na ringi inayozidi kukaza. Habu ya friwili haina hesi hizo za kushoto. Kinachowadanganya watu ni kwamba gia huingia humo bila shida na hukaza unapopiga pedeli, lakini siku utakayozuia kwa nguvu kwenye mteremko wa Kimara, daladala ikiwa imesimama ghafla mbele yako, gia itafunguka na miguu haitakuwa na kitu cha kuzuia.

Idrisa: Fundi anasema ataichomelea friwili yenyewe.

Mjomba Saidi: Akiichomelea, friwili nzima bado inaweza kufunguka kutoka kwenye habu. Hapana, Idrisa.

Shangazi Rehema: Na hizo breki zinaondolewa kwa sababu gani?

Mjomba Saidi: Baiskeli za uwanja wa mashindano hazina breki, ila kule wote huzunguka upande mmoja na hakuna bodaboda ya kukatiza. Ukifunga breki, uzito huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli kuliko miguu itakavyoweza. Hiyo haitoki kabisa. Cheni nayo isilegee, maana ikichomoka inaweza kulibana gurudumu likakwama ghafla. Ukiibonyeza katikati icheze kama sentimita moja tu.

Shangazi Rehema: Kaka, mwonyeshe mtoto kidole chako.

Mjomba Saidi: Nilikuwa naifuta cheni kwa kitambaa huku nikizungusha pedeli. Kitambaa kikanaswa kwenye gia, na kwa kuwa hapakuwa na friwili, gurudumu lililokwisha kushika kasi likaendelea kuvuta cheni pamoja na mkono wangu. Ncha ya kidole cha shahada ilikatika, na ukucha haujaota hadi leo. Cheni ya baiskeli hiyo hufutwa ikiwa imesimama, kipande kwa kipande.

Idrisa: Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Habu ina hesi za aina moja tu.

Mama Idrisa: Basi kazi ya kesho isimame.

Mjomba Saidi: Jumamosi njoo nayo Mabibo, ulete na spana namba 15. Tutatafuta gurudumu lenye ringi pamoja, na hadi tulipate friwili ibaki mahali pake.