Mrejesho: mimi niliyeishiwa nguvu za kuomba

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Miezi mitatu iliyopita niliwauliza kama Mungu humwacha mtu aliyeshindwa hata kuomba. Nilikuwa namuuguza mama, kiharusi kimemlaza, na kila nikipiga magoti usiku usingizi unanichukua palepale.

Mama bado hajainuka, niseme hilo kwanza. Ila mkono wa kulia umeanza kushika kikombe.

Mmoja wenu alinielekeza 2 Timotheo 2:13, kwamba tusipoamini yeye hubaki mwaminifu. Mwingine akasema nisome Luka 22:32 taratibu. Hapo nililia. Yesu anamwambia Petro amekwisha kumwombea, kabla jogoo hajawika, kabla Petro hajakana hata mara moja! Tena Yohana 18 Petro anamkana akiota moto wa makaa. Sura ya 21 Yesu anamngoja ufuoni na moto wa makaa, samaki na mkate. Alimlisha kwanza, maswali yakaja baadaye.

Siku hizi nikichoka nasema tu, "Bwana, unaniona," nalala. Akina mama wa jumuiya wananipokea zamu Jumanne na Ijumaa. Asanteni sana.