Naombeni ushauri: kikundi chetu cha dagaa Kibirizi kimenichagua niende Bujumbura kwenye kikao cha Ziwa Tanganyika

kijana_wa_mwaloni:
Wakuu habari za jioni. Nipo Kibirizi hapa Kigoma, ni katibu wa kikundi cha kina mama wanaonunua na kuanika dagaa, watu 34, wanaume tupo wawili tu. Mnakumbuka mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaane, miezi mitatu mizima, na kina mama wengi walikuwa na mikopo, marejesho yakaendelea kudaiwa kama vile dagaa wanatoka. Hatupingi ziwa kupumzika, dagaa wamepungua kweli na sisi ndio tunaoona kwenye beseni. Tunachotaka ni wanaopanga hizo tarehe wamkumbuke mwanikaji, wasimhesabu mvuvi na boti yake tu. Sasa tumesikia kuna kikao cha wadau wa nchi nne kitafanyika Bujumbura na kila kikundi kinaweza kupeleka mtu mmoja. Kina mama wamenichagua mimi, nauli wameshachanga. Swali langu, mtu wa chini kama mimi anaongeaje kwenye mambo ya kimataifa mpaka asikilizwe? Nina wasiwasi hata usingizi sipati.

Mjukuu_wa_Ujiji:
Hongera mkuu. Hili ziwa limeandikiwa mkataba wake kabisa, ulisainiwa Dar mwaka 2003 na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na mamlaka yake ina ofisi hapo hapo Bujumbura. Ukifika uliza sekretarieti, barua wanapokea. Kongo ndio wenye sehemu kubwa, kama asilimia 45, sisi 41, Burundi 8 na Zambia 6. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie Kigoma ni pembeni, kwenye hili ziwa sisi ni wakubwa.

mama_wa_watatu:
Mimi naona vijana wa siku hizi mnapenda safari. Kwanza mmeongea na BMU yenu, ile kamati ya kusimamia uvuvi hapo mwaloni? Na diwani? Mambo yanaanzia nyumbani, huwezi kuruka uongozi wa mwalo ukaenda kuongea na mataifa.

kijana_wa_mwaloni:
Dada tumeongea nao tangu mwaka jana, BMU wana barua yetu. Wametuambia tarehe hazipangwi Kigoma, ni makubaliano ya nchi zote.

Mzee_Liemba:
Hebu niwaambie kitu nyie vijana. Mambo ya kimataifa Kigoma hatuyaendei, yanakuja yenyewe mpaka mlangoni. Mei 2015 Warundi walijaa Kagunga makumi kwa makumi ya maelfu, kijiji kile kidogo kina mlima nyuma na maji mbele, kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawa inaenda kuwabeba mia sita hivi kila safari kuwaleta hapa mjini, wakashushwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mke wangu alipika uji siku nne mfululizo, hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Tena meli yenyewe ni ya Mjerumani, ilizamishwa 1916 kwenye vita vyao ikaibuliwa, mpaka leo ndiyo tunayoijua. Nilibaki na picha ya mtoto mmoja aliyekuwa ameshika kuku, katoka naye kwao na kuku, hakumwachia hata kwenye meli. Huyo mtoto leo ni kijana mkubwa.

dagaa_kavu:
Mzee umetutoa machozi ila mwenzetu kauliza kikao.

dagaa_kavu:
Mkuu unaenda na usafiri gani, gari kupitia mpaka wa Manyovu au boti? Na pasi unayo? Maana pasi mpya ni laki na nusu na inachukua muda, kikao lini?

Mjukuu_wa_Ujiji:
Njia nyingine, Mahakama ya Afrika ipo Arusha, wapelekeeni suala la haki za kina mama.

sheria_na_maisha:
Hapana. Tanzania ilijitoa mwaka 2019 kwenye lile tamko la kuruhusu watu binafsi kufungua kesi, mtu binafsi wa kwetu hafungui tena kesi pale. Labda Mahakama ya Afrika Mashariki, hiyo inapokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama, ila ni ndani ya miezi miwili tu tangu jambo litokee au ulijue, na hili la 2024 limeshapita. Kinachowezekana ni maombi ya maandishi kwa Bunge la Afrika Mashariki, tuna wabunge 9 kule, watafuteni. Ila mjue Zambia haimo kwenye jumuiya, kwa hiyo la ziwa zima lazima lipite kwenye mamlaka ya ziwa. Halafu mleta mada hujajibu la pasi.

kijana_wa_mwaloni:
Pasi hilo linashughulikiwa. Nilitaka zaidi ushauri wa nini niongee.

dagaa_kavu:
Linashughulikiwa na nani? Mkuu usituzunguke.

sheria_na_maisha:
Sema ukweli ndugu yangu, hapa hakuna anayekujua.

kijana_wa_mwaloni:
Sawa. Sina pasi na kitambulisho cha taifa sina, nimefuatilia miaka mitano. Mama yangu alivuka kutoka Burundi 1972 akiwa binti. Baba ni Mha wa Manyovu kabisa lakini alifariki nikiwa mdogo na karatasi zake zilichukuliwa na baba wakubwa. Kila nikienda ofisini naulizwa mama yako nani, nikisema tu naambiwa subiri. Mimi nimezaliwa Kibirizi, sijawahi kulala Burundi hata siku moja. Sasa fomu ya kikao ilitaka namba ya kitambulisho nikajaza ya kaka yangu, na jina lake. Yeye ana pasi. Tunafanana sana hata walimu walikuwa wanatuchanganya. Ni siku tatu tu wakuu, siendi kuiba, naenda kuwasemea kina mama.

mama_wa_watatu:
Nilijua tu.

sheria_na_maisha:
Usifanye hivyo, nakuomba. Wewe ni raia kupitia baba yako, hilo ni lako kisheria, kinachokosekana ni karatasi tu. Siku utakayokamatwa mpakani na pasi ya mtu mwingine wewe uliyekuwa na haki unageuka mhalifu, na kaka yako naye, na kina mama wote wa kikundi wataambiwa walituma mgeni. Tafuta hao baba wakubwa, barua ya kijiji cha Manyovu, wazee waliomjua baba waape kwa maandishi. Anza na hilo.

kijana_wa_mwaloni:
Naelewa mkuu ila kikao ni baada ya wiki tatu. Hizo barua ni miezi. Na mimi ndiye niliyeandika kila kitu, kina mama wengi hawajasoma, nani ataongea? Kaka mwenyewe amekubali.

msemakweli_Tabora:
Wakuu mnakunywa chai nzima nzima. Katibu wa kikundi asiye na kitambulisho? Kikundi cha kina mama kikitaka hata mkopo wa halmashauri ile asilimia 4 viongozi wanadaiwa vitambulisho. Ulisajiliwaje? Huyu ni mwandishi wa habari anatafuta makala ya wakimbizi.

dagaa_kavu:
Eeh, hapo kuna hoja.

Mjukuu_wa_Ujiji:
Mimi nilishaanza kutoa namba za simu za watu. Jibu hilo mkuu.

msemakweli_Tabora:
Tena kama kweli uko Kibirizi tuambie wiki ya mbalamwezi kina mama wanafanya nini.

kijana_wa_mwaloni:
Wanakaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, boti haziingii, mwalo unakuwa mweupe. Wanarekebisha chanja, wanadai madeni, wanaosha wale wa mchangani waliokosa mnunuzi kwa sababu dagaa wa mchangani hana bei ya dagaa wa chanja. Unataka nini kingine? Kwenye usajili mimi sipo. Katibu wa kwenye karatasi ni mama yangu mdogo, mke wa baba mdogo, Mha wa Kalinzi, ana kila kitambulisho. Mimi naandika tu mihtasari kwa sababu yeye aliishia darasa la nne. Ndiyo hivyo, nilisema katibu kwa sababu kazi naifanya mimi.

bibi_mwaloni:
Mwacheni mtoto wa watu. Mimi nauza uji hapo Kibirizi, kikundi nakijua na huyo mama mdogo namjua. Lakini wewe mwanangu sasa umesema mwenyewe. Mama mdogo ana karatasi zote, dagaa ameanika miaka ishirini, mkopo umemuumiza yeye. Kwanini asiende yeye?

kijana_wa_mwaloni:
Bibi shikamoo. Ataongea lugha gani? Huko ni Kifaransa na Kiingereza.

bibi_mwaloni:
Marahaba. Ataongea Kiha. Kwani Mrundi akija hapa kununua mafuta ya mawese mnaongea nini? Kirundi na Kiha vinasikilizana, watakaomsikia vizuri kuliko wote ni wenyeji wa kikao.

msemakweli_Tabora:
Basi nimerudi nyuma, samahani mkuu. Nilikosea kukuita hivyo.

mwanafunzi_Kasulu:
Barua yenu nitumieni faragha. Nimesoma na Wakongo, Kifaransa naandika, nitatafsiri bure mgawe pande zote mbili. Na wekeni hesabu zenu za kweli, kila mama alikuwa anaanika beseni ngapi kabla ya Mei na alilipa rejesho gani mwezi Juni bila kazi. Wakubwa wa nchi nne hawajui hiyo, takwimu zao ni za boti na nyavu.

sheria_na_maisha:
Na ile fomu iandikie leo hii, omba jina libadilishwe. Wape sababu kwamba kikundi kimebadilisha mwakilishi, ambayo ni kweli. Pasi ya kaka rudisha.

kijana_wa_mwaloni:
Nimeandika kuomba wabadilishe. Sitaficha, imeniuma, nilitaka kwenda, nilitaka kuvuka mara moja nione mama alikotoka. Ila mama mdogo nimemwambia na amekubali, kesho tunakaa kwake na kina mama wengine kuhesabu mabeseni, mwezi ni mkubwa hakuna kazi. Baba mkubwa mmoja nimempata Manyovu kwa simu, amesema niende Jumamosi. Mama mdogo ana swali moja tu, anauliza kule mtu anaongea akiwa amekaa au amesimama?

Mzee_Liemba:
Asimame. Na salamu ziwe fupi, wanakata muda.